Connecticut, msimu wa 2008–09

Msimu wa 2008–09 wa timu ya wanaume ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn), Marekani, ndio uliomfikisha Mtanzania karibu zaidi na ubingwa wa taifa wa vyuo vya nchi hiyo. Mtanzania huyo ni Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, senta mwenye urefu wa mita 2.21. Timu yake ilishinda michezo 31, ikapoteza 5, na ikatolewa katika nusu fainali mjini Detroit. Kombe hawakulipata, lakini Watanzania wengi wanaukumbuka msimu huu kuliko baadhi ya misimu iliyoleta kombe.

Msomaji aliyezoea michezo ya vyuo vya nyumbani anahitaji maelezo kidogo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi anayecheza kikapu huchezea chuo chake katika mashindano ya TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu Tanzania, na watazamaji wake wengi ni wanafunzi wenzake. Marekani kikapu cha vyuo ni biashara kubwa ya televisheni, na ndiyo njia kuu ya kuingia NBA. Kila Machi timu zilizochaguliwa (mwaka 2009 zilikuwa 65) huingia kwenye mtoano wa taifa. Ukipoteza mchezo mmoja unarudi nyumbani, hakuna marudiano.

Thabeet alizaliwa tarehe 16 Februari 1987. Alisoma Makongo, shule iliyolea wanamichezo wengi wa Dar es Salaam, na alikuwa na umri wa miaka 15 hivi alipoanza kucheza kikapu. Kwa viwango vya Marekani huko ni kuchelewa sana. Alikwenda Marekani akiwa bado mwanafunzi wa sekondari, akamalizia Houston, Texas, na mwaka 2006 akajiunga na UConn iliyokuwa chini ya kocha Jim Calhoun. Calhoun alikuwa ameshatwaa ubingwa wa taifa mara mbili, mwaka 1999 na 2004. Kufikia msimu wake wa tatu, Thabeet alikuwa ameshachaguliwa mlinzi bora wa ligi ya Big East.

Kikosi kilikuwa kimekamilika. A.J. Price alipanga mashambulizi, Jerome Dyson alikaba na kufunga, Jeff Adrien na Stanley Robinson walicheza pembeni ya senta, na kwenye benchi alikuwepo kijana wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker. Kura za kabla ya msimu ziliwaweka wa pili nyuma ya North Carolina, na mwanzoni mwa Februari walikuwa namba moja nchini.

Nguvu yao ilianzia kwenye ulinzi, na ulinzi ulianzia kwa Thabeet. Wenzake waliwakaba wapinzani kwa karibu mno huko nje bila hofu, kwa sababu aliyepenya alikutana na mkono mrefu chini ya ringi. Wastani wake msimu ule ulikuwa pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mitupo 4.2 iliyozuiwa kwa kila mchezo. Dhidi ya Providence, tarehe 31 Januari, alipata pointi 15 na ribaundi 11 na kuzuia mitupo 10. Wiki mbili baadaye, dhidi ya Seton Hall, alifunga 25, akachukua ribaundi 20 na kuzuia 9. Tena takwimu hazihesabu mtupo ambao mpinzani aliusitisha mwenyewe, akarudisha mpira nje. Waliotazama michezo ile wanajua mitupo ya namna hiyo ilikuwa mingi.

Hapa sheria ina uzito wake. Katika kikapu cha vyuo mlinzi anaruhusiwa kusimama chini ya ringi muda wowote anaotaka, kama ilivyo katika sheria za FIBA zinazotumika pia kwenye viwanja vya saruji vya Moshi. NBA ina sheria ya sekunde tatu kwa mlinzi: asiyemkaba mtu kwa karibu lazima atoke kwenye eneo la rangi lililo chini ya ringi. Calhoun aliijenga timu juu ya uhuru ule wa vyuo, na alifanya hivyo kwa akili.

Aliyetoboa ukuta huo alikuwa mtu mfupi zaidi. Tarehe 16 Februari 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, Pittsburgh walikuja Hartford na DeJuan Blair, mwenye mita 2.01 tu lakini mpana na mzito. Hakujaribu kuruka juu ya Thabeet. Alimsukuma kwa makalio hadi mbali na ringi, kisha akachukua nafasi yake. Mara moja mikono yao ilinasana wakigombea mpira, Blair akamvuta na kumpitisha begani mpaka sakafuni. Blair alimaliza na pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet akawa na 5 na 4. Pittsburgh walishinda 76–68, na Machi wakashinda tena, 70–60. Mwisho wa msimu Big East iliwapa wawili hao kwa pamoja tuzo ya mchezaji bora, uamuzi ambao mashabiki wa Pittsburgh walikuwa na haki ya kuununia.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa limeshatokea siku tano kabla ya mchezo wa kwanza wa Pittsburgh: Dyson aliumia goti, msimu wake ukaishia hapo. Tangu hapo timu ilibaki bora, lakini ikakosa mkabaji wake mkali wa nje, na Thabeet akabeba makosa mengi zaidi ya walio mbele yake.

Tarehe 12 Machi, ukumbi wa Madison Square Garden, New York, walikutana na Syracuse katika robo fainali ya Big East. Mwishoni mwa muda wa kawaida Eric Devendorf wa Syracuse alitupia kikapu kilichoonekana kuwa cha ushindi. Waamuzi wakatazama picha na kukikataa, kwa kuwa muda ulikuwa umeisha mpira ukiwa bado mkononi. Zikafuata nyongeza sita. Mchezo ulichukua saa 3 na dakika 46, ukaisha saa saba na dakika 22 usiku wa New York. Kwa saa za Moshi ilikuwa saa mbili na ushee asubuhi ya Ijumaa, watu wa kata ya Njoro wameshatoka kwenda kazini. Syracuse walishinda 127–117.

Katika mtoano wa taifa UConn waliwapiga Chattanooga 103–47 bila Calhoun, aliyekuwa amelazwa hospitali siku hiyo. Kisha wakawatoa Texas A&M, Purdue na Missouri. Katikati ya safari hiyo vyombo vya habari viliibua tuhuma kuhusu namna chuo kilivyomsajili mchezaji mmoja. Suala hilo lilikuja kumletea Calhoun adhabu ya kukosa michezo mitatu. Nusu fainali ilikuwa tarehe 4 Aprili dhidi ya Michigan State, waliokuwa kwenye jimbo lao na mbele ya watazamaji zaidi ya 72,000. Michigan State walikimbia kila walipopata mpira, kabla Thabeet hajarudi kujipanga, wakashinda 82–73. Siku mbili baadaye nao wakapigwa na North Carolina, 89–72.

Kombe lilifika UConn msimu ule ule, lakini kwa mikono ya wanawake. Timu ya kocha Geno Auriemma, yenye Maya Moore, Tina Charles na Renee Montgomery, ilicheza michezo 39, ikaishinda yote, na hakuna hata mmoja ambao tofauti ilipungua pointi 10. Fainali, tarehe 7 Aprili, waliifunga Louisville 76–54. Kwetu habari hiyo haikusikika sana, na hilo ni pengo la vyombo vyetu vya habari.

Juni 2009 Memphis Grizzlies walimchagua Thabeet wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi hiyo. Huko, sheria ya sekunde tatu ilimtoa chini ya ringi, na mambo hayakumwendea: katika timu nne alicheza michezo 224 kwa wastani wa pointi 2.2. UConn walitwaa ubingwa Aprili 2011 wakiongozwa na Kemba Walker, yule kijana wa benchi. Fainali ilichezwa Houston, ambako Thabeet alimalizia sekondari na ambako Rockets walikuwa wamemchukua mwezi mmoja na ushee kabla.