Nasaba ya Kipofu

Katika sarufi ya Kiswahili, neno kipofu huanza kwa ki-, sawa na kiti na kisu, lakini halifuati njia yao. Husemwa kipofu amefika, wala haisemwi kipofu kimefika. Kiambishi huonyesha sura. Upatanisho ndio unaotoboa asili. Wanabiolojia nao wana ngeli zao, na kwa muda wa nusu karne waliisoma sura ya mnyama mmoja wakauacha upatanisho wake. Kwa sadfa, mnyama huyo naye aliitwa kipofu.

Carl Linnaeus wa Uswidi alimpa jina la Caecilia mwaka 1758, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya upofu. Sesilia hana miguu. Mwili wake umezungukwa na pete mfano wa nyungunyungu. Macho ni madogo, aghalabu yamefunikwa na ngozi, na karibu nayo mna kipapasio kifupi cha kutafutia njia udongoni. Linnaeus akamweka miongoni mwa nyoka. Tena chini ya jina hilo moja alikusanya mnyama wa Amerika ya Kusini na mwingine wa Asia, ambao leo wamo katika familia mbili tofauti. Si haki kumcheka, kwani mizoga ya chupani haisemi mengi.

Mwaka 1811 Michael Oppel aliwatoa sesilia kwa nyoka, akawapeleka kwa vyura na salamanda. Ushahidi wa kukata shauri ulikuja mwaka 1831, pale Mjerumani Johannes Müller alipomchungua sesilia mchanga katika jumba la makumbusho la Leiden, Uholanzi, akaona pande zote mbili za shingo vitundu vyenye mabaki ya matamvua. Nyoka hazaliwi na matamvua hata siku moja. Kiluwiluwi cha chura huwa nayo. Hata hivyo, oda nzima ingali ikiitwa Gymnophiona, neno la Kiyunani linalowataja kama nyoka walio uchi.

Kuhusu miguu, jawabu lilitoka katika mawe ya Arizona, Marekani. Mwaka 1993 kilitangazwa kisukuku cha Eocaecilia, sesilia wa mwanzo wa zama za Jurasiki, aliyekuwa na miguu minne midogo. Kisukuku kingine cha huko huko, chenye umri mkubwa zaidi, kilitangazwa mwaka 2023 kikaitwa Funcusvermis, jina lililotokana na wimbo wa dansi wa Kimarekani. Wataalamu nao, kumbe, hawakosi ngoma.

Habari hii ina tawi lake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1932 Arthur Loveridge alimwandika sesilia wa Changamwe, upande wa bara wa Mombasa, akamwita Boulengerula changamwensis. Mwaka 1968 Mmarekani Edward Taylor, katika kitabu chake kikubwa juu ya sesilia wa dunia nzima, akamhamishia katika jenasi mpya, Afrocaecilia. Mwaka 1994 Ronald Nussbaum na Harald Hinkel wakaifuta jenasi hiyo, wakamrudisha alikotoka. Na mwaka 2011 jenasi yake ikawekwa katika familia moja na Herpele wa misitu ya Kameruni. Mnyama mwenyewe muda wote huo hakutoka udongoni mwake. Iliyobadilika ni Changamwe, ambayo leo ni mahali pa viwanda, reli na malori, na jina lake limebebwa vitabuni na kiumbe ambaye ni wachache waliopata kumwona.

Ndugu yake wa milima ya Taita alipata sifa mwaka 2006. Ilitangazwa kwamba mama hunenepesha ngozi yake kwa mafuta, na watoto, wenye meno maalumu, huikwangua wakaila, naye asidhurike. Miaka 2 baadaye tabia iyo hiyo iliripotiwa kwa sesilia wa Brazili. Ikiwa wote wameirithi kwa babu mmoja, kama watafiti wanavyoona, basi malezi hayo yana umri wa miaka ipatayo milioni 100.

Mkazi wa delta ya Mto Tana, Schistometopum gregorii, ambaye anapatikana pia katika nyanda za pwani ya Tanzania, angedhaniwa kuwa binamu wa yule wa Changamwe. Sivyo. Yeye ni wa familia nyingine, na mwenzake wa karibu yuko katika kisiwa cha São Tomé, upande wa pili wa Afrika. Kisiwa hicho kilizuka kwa volkano, hakijapata kuungana na bara, na ngozi ya sesilia haistahimili maji ya chumvi. Yamkini wazee wake walivuka wakiwa ndani ya mabonge ya mizizi na udongo, katika msimu ambao mito mikubwa kama Kongo ilifurika na kutandaza maji yake baridi juu ya bahari.