Ushahidi wa Gobori

Msomaji kijana, ukioneshwa gobori kuukuu huko Lamu, ukaambiwa lilitumika Witu, bara ya visiwa hivyo, Waingereza walipoushambulia mji huo Oktoba 1890, usisadiki upesi. Chunguza kwanza mtutu. Gobori hushindiliwa kwa mdeki. Mdeki ukiupita mno mdomo wa mtutu, huenda mtutu umekatwa. Kisha tazama mtambo: ni wa gumegume, au umegeuzwa kuwa wa fataki? Gumegume nayo si hakika ya ukale, maana Mkataba wa Brussels wa mwaka uo huo uliacha nafasi ya kuziuza Afrika, ukizuia bunduki bora. Walakini usilidharau gobori lililokatwa: lashuhudia mkono wa fundi aliyelitengeneza litumike tena. Mwongo ni yule aliitaye zima.