Upimaji wa usahihi wa bunduki

Upimaji wa usahihi wa bunduki ni kazi ya kujua risasi za bunduki moja hutawanyika kiasi gani zinapoelekezwa mahali pamoja. Bunduki hulazwa juu ya mifuko ya mchanga ili mikono isitie kasoro yake, kisha karatasi iliyo mita 100 mbele hupigwa mara kadhaa. Hupimwa umbali kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, toka kitovu hadi kitovu, na jibu husemwa kwa dakika za pembe. Dakika moja, kwa umbali huo, ni milimita 29 hivi. Matundu yote yakiangukia kando ya shabaha, darubini ndiyo ya kurekebishwa. Lakini mtawanyiko hauponi kwa kuzungusha kitufe cha darubini.

Wengi huridhika na risasi 3, na hapo ndipo wanapojidanganya. Matundu matatu yaliyogusana, kingo zake nyeusi, yanapendeza macho, lakini bunduki ileile ikipiga risasi 10, kundi huwa pana kwa wastani takriban mara 1.6, bila chochote kuharibika. Wapo wanaopinga wakisema kwamba mwindaji hupiga mara moja tu, mtutu ukiwa baridi, na kwamba risasi 10 mfululizo huuchemsha. Kuhusu joto wanasema kweli. Basi mtutu uachwe upoe, au karatasi moja ipigwe risasi mojamoja kwa siku kadhaa, lakini ushahidi usipunguzwe. Risasi ya mwindaji nayo huweza kuangukia popote ndani ya mtawanyiko huo, hata ukingoni, na mnyama akatoroka na jeraha.