Utatu Mtakatifu juu ya Mifupa ya Mfu: Fresko ya Masaccio huko Firenze



Katika mwezi huu wa Novemba, ambamo Mama Kanisa hutualika kuwaombea marehemu wetu wote, tafakari yetu inatupeleka katika mji wa Firenze nchini Italia, ndani ya kanisa la Santa Maria Novella la Wadominikani. Kwenye ukuta wa kushoto wa kanisa hilo upo mchoro uliofanywa kati ya miaka ya 1425 na 1428 hivi, unaojulikana kwa jina la Utatu Mtakatifu. Mabingwa wa sanaa huusifu kwa ufundi wake. Sisi tuutazame kwa sababu nyingine: mchoraji aliliweka fumbo kuu la imani yetu moja kwa moja juu ya mifupa ya mfu, na baadaye, kwa muda wa karibu miaka 90, mambo hayo mawili yalitenganishwa. Jinsi yalivyotenganishwa, na jinsi yalivyorudishwa pamoja, ni historia yenye mafundisho kwetu.

1. Mchoraji na mji wake

Aliyeuchora aliitwa Tommaso. Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1401, siku ambayo kalenda ya wakati ule iliadhimisha sikukuu ya Mtume Tomaso, katika mji mdogo unaoitwa leo San Giovanni Valdarno. Watu walimpa jina la utani Masaccio, yaani kama kusema "Tomaso mzembe". Mwandishi Giorgio Vasari, aliyekusanya habari za maisha ya wasanii wa Italia katika karne ya 16, anaeleza kwamba jina hilo halikutokana na ubaya wa tabia. Kijana huyu alizama katika kazi yake hata hakujali mavazi wala fedha wala mambo mengine ya dunia. Alifariki Roma mwaka 1428, akiwa na umri wa miaka 26 hivi.

Firenze ya siku zake ilikuwa mji wa matajiri na mafundi, lakini pia mji uliokijua kifo kwa karibu. Tauni ya mwaka 1348 iliua sehemu kubwa ya wakazi wake, na ugonjwa huo uliendelea kurudi mara kwa mara katika miongo iliyofuata. Wakati huohuo palikuwa na mwamko mpya wa elimu na sanaa, ule tunaouita Renesansi. Mhandisi Filippo Brunelleschi, ambaye tangu mwaka 1420 alikuwa akisimamia ujenzi wa kuba kubwa la kanisa kuu la mji huo, alikuwa amegundua namna ya kuonyesha umbali kwa vipimo: mistari inayokwenda mbali na mtazamaji hukutana katika nukta moja, na vitu hupungua ukubwa kwa kiasi kinachoweza kukokotolewa. Mchoro wa Masaccio ni miongoni mwa michoro mikubwa ya kwanza kutumia kanuni hiyo kikamilifu. Leon Battista Alberti aliiandika kanuni hiyo kitabuni mwaka 1435, Masaccio akiwa ameshakufa.

Yafaa pia tujue maana ya fresko. Fundi hupaka ukutani lipu mbichi ya chokaa, kisha huchora juu yake kwa rangi zilizochanganywa na maji kabla lipu haijakauka. Chokaa ikikauka huishika rangi, na picha huwa sehemu ya ukuta wenyewe. Kwa hiyo kila siku hupakwa lipu ya kutosha kazi ya siku hiyo tu. Kosa halifutiki kwa urahisi. Mwenye kulisahihisha hana budi kubandua lipu na kuanza upya. Katika fresko hii bado inaonekana mistari iliyokwaruzwa kwenye lipu ili kuongoza dari na nguzo, na katika uso wa Bikira Maria imo miraba midogo aliyoitumia mchoraji kupima sura yake. Hakuna kilichoachwa kwa kubahatisha.

2. Jinsi mchoro ulivyopangwa

Mchoro wote una urefu wa karibu mita 6.7 na upana wa mita 3.2 hivi. Tuusome kuanzia chini, kwa maana huko ndiko anakosimama mwanadamu.

Chini kabisa pamechorwa jeneza la jiwe, na juu yake umelala mfupa mtupu wa binadamu, kuanzia fuvu hadi miguu. Juu ya mifupa hiyo yapo maandishi ya Kiitaliano ambamo mfu anamwambia apitaye kwamba yeye naye alikuwa hai kama yeye, na kwamba mpita njia huyo atakuja kuwa kama yeye. Kwetu husemwa kwa ufupi: leo kwangu, kesho kwako.

Juu ya jeneza kuna ubao wa jiwe ulio kama meza ya altare. Hapo juu wamepiga magoti watu wawili wa kawaida, mwanamume mwenye vazi jekundu upande wa kushoto na mwanamke mwenye vazi la buluu nzito upande wa kulia. Wako nje ya nguzo, nao wanasali. Wamechorwa kwa ukubwa uleule wa watakatifu, jambo ambalo halikuwa la kawaida, maana desturi ya zamani ilikuwa kuwachora wafadhili wadogo sana miguuni pa watakatifu.

Ndani ya tao linaonekana kikanisa chenye dari la mviringo, mithili ya nusu ya pipa, lililogawanywa katika miraba inayopungua kadiri inavyokwenda ndani. Vasari alisifu kwamba ukuta unaonekana kana kwamba umetobolewa. Humo wamesimama Bikira Maria na Mtume Yohane, kila mmoja upande wake wa msalaba. Katikati ametundikwa Bwana wetu Yesu Kristo. Nyuma yake, juu ya wote, amesimama Mungu Baba, mikono yake ikiushika mti wa msalaba kwa chini, kulia na kushoto. Kati ya kichwa cha Baba na kichwa cha Mwana yuko Roho Mtakatifu katika mfano wa njiwa mweupe, ambaye kwa mtazamo wa haraka hufanana na ukosi wa vazi la Baba.

Ukiunganisha kichwa cha Baba na watu wale wawili waliopiga magoti, unapata umbo la pembetatu. Nayo mistari yote ya dari inashuka na kukutana katika nukta moja, chini ya msalaba, karibu na kimo cha macho ya mtu aliyesimama kanisani. Kutokana na mpango huo mtazamaji huinua macho ili amwone Kristo, na huyashusha ili aione mifupa. Mahali pake ni katikati, kati ya kaburi na msalaba. Masaccio amempimia nafasi yake kama alivyopima nguzo.

3. Maana yake kiimani

Mungu Baba akimshika Mwana msulubiwa ni mfano wa kale uliojulikana katika sanaa ya Kanisa tangu karne ya 12, nao huitwa Kiti cha Neema, jina linalotukumbusha Waraka kwa Waebrania. Masaccio hakuubuni mfano huo. Jipya ni kwamba aliuondoa kwenye dhahabu na mawingu, akauweka ndani ya jengo lenye vipimo, mbele ya watu wanaoweza kuhesabu miraba ya dari.

Hata hivyo yupo mmoja asiyepimika kwa urahisi. Miguu ya Baba imesimama juu ya jukwaa lililo nyuma, lakini mikono yake inaufikia msalaba ulio mbele, na uso wake hauonekani kama unatazamwa kutoka chini ingawa yuko juu sana. Wataalamu wamebishana kwa muda mrefu kuhusu mahali hasa alipo. Iwe mchoraji alikusudia au la, muumini anaweza kusoma hapo jambo la kweli: vipimo vya wanadamu vinamfikia Mwana aliyefanyika mtu, lakini Baba havimwenei.

Tuitazame tena mikono ile. Kristo pale msalabani alilia kama aliyeachwa, nasi tukiwa msibani mara nyingi husikia mfiwa akiuliza, "Mungu alikuwa wapi?" Mchoro unajibu kwa kuonyesha mikono ya Baba chini ya mti. Hatusemi kwamba Baba ndiye aliyesulubiwa. Kanisa lilikataa fundisho hilo tangu karne za mwanzo. Tunasema kwamba Mwana hakufa mbali na Baba, na Roho aliye kati yao hakuondoka.

Habari ya njiwa huyo ina kisa chake cha kihistoria. Mwaka 1439 Mtaguso Mkuu wa Kanisa ulikutana Firenze kutafuta umoja kati ya Kanisa la Magharibi na Makanisa ya Mashariki, na hoja mojawapo kubwa ilikuwa namna Roho Mtakatifu anavyotoka kwa Baba na kwa Mwana. Papa Eugenio IV alikaa katika konventi ya Santa Maria Novella. Patriarki Yosefu II wa Konstantinopoli, aliyekuja kwa ajili ya umoja huo, alifariki Firenze mwezi Juni mwaka huo, akazikwa ndani ya kanisa hilohilo. Tarehe 6 Julai 1439 umoja ukatangazwa, ingawa haukudumu. Wakati huo fresko ya Masaccio ilikuwa na zaidi ya miaka 10 ukutani, ikimwonyesha Roho kati ya Baba na Mwana, juu ya mfu.

Bikira Maria naye hakuchorwa akizimia wala akilia. Ni mama mwenye umri, amejifunika vazi zito, macho yake yameelekea nje, kwetu, na mkono wake unaelekeza kwa Mwanae. Hiyo ndiyo kazi yake kama ile ya harusi ya Kana. Yohane kwa upande wake ameshikanisha mikono, amezama katika uchungu na sala.

Na mfupa ule ni wa nani? Wengi wamemwona humo Adamu. Mapokeo ya kale yanasimulia kwamba Adamu alizikwa Golgota, mahali pa Fuvu la Kichwa, na kwamba msalaba ulisimikwa juu ya kaburi lake. Lakini kwa kuwa mfupa hauna jina, kila mtu anaweza kujiona ndani yake. Adamu ni sisi sote.

4. Jinsi ulivyofichwa na kupatikana

Karibu na mwaka 1570, Mtawala Cosimo I aliamuru kanisa lile lifanyiwe matengenezo, na aliyepewa kazi ni yule yule Vasari aliyeusifu mchoro. Alijenga altare ya jiwe mbele ya fresko na kuweka juu yake picha yake ya Mama Yetu wa Rozari. Hakuiharibu kazi ya Masaccio, bali aliifunika. Ilikaa gizani karibu miaka 300.

Mwaka 1860, katika ukarabati mwingine, altare ile iliondolewa na fresko ikaonekana. Mafundi wakaibandua sehemu ya juu na kuihamishia kwenye ukuta wa ndani wa mlango mkuu. Sehemu ya chini, yenye mfu, haikujulikana. Ilibaki pale pale, imefunikwa. Kwa muda wa karibu miaka 90 wageni walioingia kanisani walitazama Utatu bila kaburi. Ndipo mwaka 1951 na 1952 Ugo Procacci, mtaalamu wa kuhifadhi kazi za sanaa, alipoitambua mifupa ile mahali pake pa asili. Sehemu ya juu ikarudishwa, na mchoro ukawa mmoja tena.

5. Fundisho kwetu

Wapendwa, walichofanya mafundi wa mwaka 1860 bila kukusudia, sisi hukifanya mara nyingi katika maisha yetu ya imani. Utatu tunauacha darasani kwa wakatekumeni, kama hesabu ngumu ya moja na tatu. Kifo tunakiacha makaburini, pamoja na hofu, madeni ya mazishi na ugomvi wa mirathi. Mambo haya mawili hatuyakutanishi. Matokeo yake, Utatu unakuwa fundisho lisilomgusa mtu, na kifo kinakuwa shimo lisilo na mtu ndani yake wala juu yake.

Masaccio hakuufafanua Utatu kwa mfano wa yai wala wa jani lenye sehemu tatu. Alionyesha Baba, Mwana na Roho Mtakatifu wakiwa kazini, na kazi yenyewe ni kumwokoa yule aliyelala chini. Ondoa mifupa, na hatujui tena msalaba ule ulisimikwa kwa ajili ya nani. Ondoa Utatu, na mfupa unabaki na maneno yake ya kutisha peke yake.

Jambo hilo Kanisa hulifanya kila siku kwa mkono wetu wenyewe. Tunapofanya ishara ya msalaba tunataja Utatu huku tukichora msalaba juu ya mwili huu utakaokufa. Tulichorwa ishara hiyo siku ya ubatizo, na kwa ishara hiyohiyo kaburi letu litabarikiwa. Basi wiki hii, tutakapokwenda kusafisha makaburi ya wazee wetu na kuwaombea, tusifanye ishara hiyo kwa haraka kama mtu anayefukuza nzi. Tuifanye polepole, tukiwa tumesimama pale Masaccio alipotuweka: kaburi chini yetu, msalaba mbele yetu, na mikono ya Baba ikiushika.