Msasa, Sandarusi na Kabati la Busunzu

Katika jiko la nyumba moja ya Busunzu, kwenye nyanda za juu za Kibondo mkoani Kigoma, niliona kabati la vyombo la mninga lililoshika moshi na mafuta ya miaka mingi. Juu lilipakwa kijani. Chini ya kijani palikuwa na rangi ya maziwa. Chini kabisa, vanishi iliyogeuka nyeusi. Mwenye nyumba, mama wa makamo, alikuwa na shaka moja: apake rangi nyingine juu ya hizo, au azikwangue zote? Swali lile lilinirudisha pwani.

Tuanze na chombo cha kazi. Karatasi ya kukwangulia tunaiita msasa, na wengi hudhani hilo ni jina lililokuja na bidhaa ya dukani. La, msasa ni mti. Majani yake yanakwaruza mfano wa ulimi wa ng'ombe, na mafundi wa kale waliyatumia kulainishia mbao. Wataalamu wa mimea huuita Ficus exasperata, nao huota tangu Afrika Magharibi hadi kwetu. Karatasi ilipoletwa na meli ilikuta jina linaingoja. Randa tuliipata kwa Waajemi, kabati na vanishi kwa Waingereza. Msasa ni wetu.

Na vanishi je? Neno ni geni, lakini kitu chenyewe kina asili hapa. Zamani pwani yetu iliuza sandarusi, gundi ya mti wa msandarusi, iliyochimbwa ardhini huko Mrima mahali ambapo misitu ilikwisha kutoweka. Ile changa iliyotoka mtini iliitwa chakazi. Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hadi Ujiji kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba wafanyabiashara wa Unguja walilipotoa jina hilo hata likasikika kama neno la Kiingereza la punda dume. Sandarusi ngumu iliyeyushwa motoni, ikachanganywa na mafuta ya kitani na tapentaini, ikawa vanishi ya samani na ya magari ya farasi huko Ulaya na Marekani.

Baada ya mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani, biashara ya Unguja na bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, ilishamiri. Meli zilileta kitambaa, zikaondoka na pembe za ndovu na sandarusi. Kitambaa kile tulikiita merikani. Wapagazi walikibeba hadi bara, nako kikatumika kama fedha. Mwaka 1871 Henry Stanley, akielekea Ujiji, alipita Uha akatozwa hongo ya nguo mara kwa mara, hata akaamua kutoroka usiku na msafara wake.

Hivyo Mrima, Salem na Uha vilikwisha kufungwa kwa uzi mmoja kabla kabati hili halijaundwa. Gundi ilikwenda kung'arisha samani za ng'ambo. Nguo ikarudi, ikapanda hadi milima ya Waha. Vanishi yenyewe ndiyo iliyochelewa kurejea, nayo ilirejea ndani ya kopo, kwa bei ya dukani na kwa jina la kigeni. Mchimbaji wa sandarusi hakupata kuiona meza iliyong'aa kwa jasho lake. Katika karne ya 20 gundi za viwandani zilichukua nafasi ya sandarusi, biashara ikafifia, na neno nalo likaanza kusahauliwa.

Nilimweleza yule mama nijualo. Aoshe kwanza moshi na mafuta kwa sabuni na maji ya moto, kwani rangi haishiki juu ya uchafu. Asisugue pakavu: rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, zaidi kwa watoto. Alowanishe, afuate mkondo wa mbao, apanguse, aache ikauke, kisha apake vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Mninga hauhitaji kuazima rangi. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu, na mbao yake ina wekundu wake.

Alinisikiliza, kisha akasema, "Hii ya kijani aliipaka marehemu mwenyewe, mzee wangu."

Sikuwa na la kuongeza. Tulilolisahau sisi wa pwani kuhusu sandarusi, yeye hakutaka kulisahau kuhusu mumewe. Milango aliikwangua kwa nje hadi mninga ukaonekana. Upande wa ndani aliuosha tu, akauacha na kijani chake. Afunguaye kabati lile kutoa sahani huiona.