Malazi ya Fakiri Jirani na Kaaba

Kila mwaka, ufikapo wakati wa taasisi za Hija kutangaza gharama zao, mwenye nia ya kuhiji kutoka Unguja, Mombasa, Tanga au Ujiji huweka karatasi mbili tatu mbele yake akazilinganisha, na jambo linalotenganisha bei ya juu na bei ya chini aghalabu si ndege wala si chakula, bali ni masafa yaliyo baina ya mlango wa hoteli na mlango wa Msikiti Mtakatifu wa Makka. Mwenye fedha nyingi hulala hatua chache kutoka uwanja wa tawafu. Mwenye fedha za kudunduliza hulala Aziziya, nyuma ya milima, akapanda basi. Hali hii tumeizoea hata tukadhani kuwa ndivyo ilivyokuwa tangu dahari, walakini tarehe ya mji ule yasimulia vingine, kwani kwa karne nyingi fakiri naye alikuwa na chumba chake ubavuni mwa Haramu, yaani msikiti huo, na aliyempa chumba hicho bila ya ijara alikuwa ni tajiri.

Asili ya habari yenyewe ni hitilafu ya wanazuoni. Katika sura ya Hajj, aya ya 25, Msikiti Mtakatifu umetajwa kuwa ni wa watu wote sawasawa, mkaazi na mgeni, na wakatokea waliosema kuwa usawa huo hauishii kwenye msikiti bali huenea mji mzima, hata ikawa haifai mwenyeji wa Makka kumtoza hujaji kodi ya nyumba. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin al-Khattab aliwakataza watu wa Makka kuzitia nyumba zao milango wakati wa msimu, ili mgeni ashukie apendapo, na kwamba wa kwanza kutia mlango alikuwa Suhayl bin Amr. Khalifa alipomtumia mjumbe kumuuliza, Suhayl akajibu kuwa yeye ni mfanyabiashara na alitaka tu kuwazuia wanyama wake wasipotee, naye akaachiwa. Mtu aweza kusema kuwa biashara yote ya malazi ya Makka iliingia kwa mlango ule mmoja. Umar bin Abdulaziz, baadaye, akamwandikia amiri wa Makka kukataza ijara za nyumba, na Imamu Abu Hanifa akaichukia ijara hiyo katika siku za Hija. Lakini Imamu Shafii alisimama upande wa pili, akatoa hoja kwamba nyumba za Makka zilikuwa na wenyewe, zikirithiwa na kuuzwa, na kwamba Umar huyo huyo wa kwanza alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya mjini humo ili aifanye gereza. Sisi watu wa pwani, ambao wengi wetu ni wafuasi wa Shafii, hatuna basi wa kumlaumu katika madhehebu yetu tunapopewa hati ya hoteli ya kulipa.

Lakini kuhalalishwa kwa kodi hakukuwa na maana ya kuwa asiye na kodi alale barabarani. Pengo hilo lilizibwa kwa wakfu, na chombo chake kilikuwa ribati, yaani nyumba ya vyumba vidogo vidogo vilivyouzunguka ua, iliyojengwa na mfalme, malkia au tajiri, na masharti yake yakachongwa juu ya jiwe la mlangoni: nani ailaye nafuu yake, wa kabila gani, wa madhehebu gani, mwenye mke au asiye naye. Ziko zilizowekwa kwa wanawake peke yao, wajane na mafakiri, wasije wakahitaji kubisha hodi katika nyumba za wanaume wasiowajua. Mwanahistoria wa Makka, Taqi al-Din al-Fasi, aliyefariki mwaka 1429, alizitaja makumi kwa majina na mahali pake, na nyingi zilikuwa zimeuzunguka msikiti wenyewe.

Mmoja wa waasisi hao yatufaa tumtazame kwa karibu, maana bahari yake ndiyo bahari yetu. Ramisht alikuwa tajiri wa Siraf, katika Ghuba ya Uajemi, ambaye merikebu zake zilipita njia za Bara Hindi. Katika mwaka 529 wa Hijria, sawa na 1135 hivi, alijenga ribati kando ya Haramu akaiweka wakfu kwa masufii wanaume, na miaka mitatu baadaye akaivika Kaaba vitambaa vya Kichina. Mali iliyopatikana kwa pepo za msimu, katika maji yale yale yaliyoileta kauri ya Uchina mpaka Kilwa, ilitumika kumpatia mtu mwenye joho la viraka paa la kulala jirani na Nyumba Tukufu.

Wasafiri wenye nafasi nao walikuwapo. Ibn Jubayr wa Andalusia, aliyefika Makka mwaka 1183, alipata chumba chenye starehe zake, kilichoitazama Haramu na Kaaba yenyewe. Basi wanaouza leo vyumba vya kuitazama Kaaba hawakuzua jambo jipya. Ibn Battuta alikaa katika ribati ya al-Muwaffaq, upande wa magharibi wa msikiti, naye ndiye aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Mtu wa elimu kama yeye aliweza kuzunguka nusu ya dunia akiwa na fedha chache mfukoni, kwa kuwa kila mji mkubwa ulikuwa na nyumba ya wakfu iliyomngoja.

Kwa hujaji wa pwani yetu haja ya nyumba kama hizo ilikuwa kubwa kuliko tunavyodhani, na sababu yake ni upepo. Jahazi lilipanda kaskazini kwa kusi na kurudi kwa kaskazi, na pepo hufuata jua. Ama Dhulhija hufuata mwezi mwandamo, ukirudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa hiyo ilikuwapo miaka ambayo Hija na msimu wa tanga vilikubaliana, na miaka mingine mingi ambayo havikukubaliana kabisa, mtu akalazimika kufika miezi kadha kabla ya Arafa au kungoja miezi kadha baada yake. Hesabu ya malazi haikuwa ya siku, ilikuwa ya miezi, na aliyetoka Lamu na kanda ya fedha kiunoni aliweza kuimaliza kabla hajaona tanga la kumrudisha. Wengine waliigeuza dhiki hiyo kuwa ghanima, wakakaa na kusoma. Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki Unguja mwaka 1925, alikuwa miongoni mwa waliochota elimu kwa mashekhe wa Makka, na faida ya makazi yale tuliila hapa kwetu katika darsa zake.

Nisije nikaonekana nausifu mno wakati uliopita. Wakfu nyingi ziliharibika: msimamizi aliziazima chumba kimoja kimoja kwa jamaa zake, ukuta ukaanguka asipatikane wa kuujenga, na iliyowekwa kwa ajili ya fakiri ikakodishwa kwa mwenye kulipa. Na pale wakfu ulipopungukiwa, aliyejaza nafasi alikuwa mutawwif.

Huyu mutawwif ndiye aliyekuwa hoteli, mwongozaji na mkalimani wa hujaji kwa pamoja. Kila kundi la mutawwif lilikuwa na nchi yake, kazi hiyo ikirithiwa na watoto, na mgeni aliyeteremka Jiddah swali la kwanza alilokutana nalo lilikuwa ni jina la mutawwif wake. Akishalitaja, mizigo yake ilijua pa kwenda. Richard Burton, Mwingereza aliyeingia Makka kwa kujificha mwaka 1853, na ambaye miaka michache baadaye alikuja Unguja kuanza safari yake ya bara, alipanga nyumbani kwa mama wa kijana wa Kimakka aliyefuatana naye njiani, na humo mlikuwamo pia mahujaji wa Kituruki. Snouck Hurgronje, Mholanzi aliyekaa Makka mwaka 1885, alieleza namna wenye nyumba walivyojibana na ahali zao katika sehemu ndogo wakati wa msimu, wakawaachia wageni vyumba vilivyobaki, kwa kuwa katika bonde lisilo na mmea Hija ndiyo yaliyokuwa mavuno yao. Mwenye uwezo alipewa ghorofa yenye upepo. Asiyekuwa nao alitandika mkeka chini, pamoja na wengine, au juu ya dari usiku wa joto. Wote, hata hivyo, walikuwa ndani ya mji ule ule mdogo uliobanana na msikiti, wakiisikia adhana moja.

Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, na meli za moshi zikaikata miezi kuwa majuma, idadi ya mahujaji ilianza kuzidi nyumba. Utawala wa Al Saud, ulioingia Makka mwaka 1924, uliwakuta mutawwif na kuwatia katika kanuni, na mwaka 1952 Mfalme Abdulaziz akaifuta ada waliyokuwa wakitozwa mahujaji, jambo lililompunguzia mzigo mtu wa kipato kidogo kuliko tangazo lolote la bei nafuu lililowahi kutolewa. Upanuzi mkubwa wa msikiti ulianza mwaka 1955. Hapana mtu mwenye insafu awezaye kusema kuwa haukuhitajika. Lakini ili uwanja upanuke ilibidi majirani waondoke, na majirani hao walikuwa ni nyumba za kale, madrasa na ribati. Fidia zililipwa, na nyumba badala yake zikanunuliwa mbali zaidi.

Kipo kitu kimoja cha kipindi hicho kinachoonyesha vizuri jinsi mambo yalivyopinduka. Hoteli ya fahari ya Intercontinental, iliyomalizika mwaka 1974 kwa ramani za Rolf Gutbrod na Frei Otto, wasanifu wa Kijerumani, na ambayo ilipata tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 1980, haikujengwa karibu na Haramu, bali nje ya mji, kando ya barabara ya zamani ya Jiddah. Wakati ule bado iliwezekana kufikiri kuwa mkubwa atakaa mbali penye nafasi na utulivu, aletwe kwa gari, na katikati ya mji wabaki watu wa kawaida katika nyumba zao za kubanana. Miaka thelathini baadaye fikira hiyo haikuwapo tena. Ngome ya Ajyad, iliyojengwa na Waturuki katika karne ya 18, ilibomolewa mwaka 2002, na mahali pake pakasimama minara ya Abraj al-Bait, ambayo mnara wake wa saa una mita 601. Nayo pia, wallahi, ni wakfu, mapato yake yakikusudiwa Haramu mbili. Ila nafuu yake haimfikii mgeni kwa njia ya chumba.

Basi anayechagua malazi ya bei ya chini leo huwa anachagua umbali, na yampasa aujue umbali huo kwa miguu yake wala si kwa karatasi. Nyumba za Misfala, katika barabara ya Ibrahim Khalil, nyingi zilikuwa kimbilio la watu wa kadiri, na mtu mwenye siha huweza kwenda kwa miguu. Lakini mita mia nane za Makka huenda zikawa ni za mlima, na mzee mwenye magoti mabovu atazihesabu mara kumi kwa siku. Jengo la ghorofa kumi na tano lenye lifti mbili, ambamo watu mia kadha hutaka kushuka kwa pamoja kabla ya Alfajiri, laweza kumchelewesha mtu kuliko njia yenyewe. Aziziya ni mbali na Haramu, na mabasi yake aghalabu husimamishwa siku za kilele cha Hija, ila iko karibu na Mina na Jamarati, na aliyelala huko hushukuru siku za kurusha mawe, wakati jirani yake wa minarani anapotafuta usafiri asiupate. Wako wanazuoni wengi wasemao kuwa fadhila za kuzidishiwa thawabu ya sala zimeienea ardhi yote ya Haramu, si msikiti peke yake, na kauli hiyo imewatuliza wengi waliosali Aziziya wakiwa na huzuni. Madina ni nyepesi zaidi, kwa kuwa ardhi yake ni tambarare. Linalobaki ni la mkataba: jina la hoteli liandikwe, na idadi ya vitanda chumbani iandikwe, kwani neno "karibu na Haramu" halina mita ndani yake.

Hata hivyo, sikubali kuwa njia ya wakfu imefungwa. Mwaka 1224 wa Hijria, sawa na 1809, mtu wa Aceh, kisiwani Sumatra, aitwaye Habib Bugak aliweka nyumba wakfu Makka kwa ajili ya mahujaji wa nchi yake. Nyumba ile ya kwanza ilichukuliwa na upanuzi, lakini wasimamizi wake hawakuila fidia. Walinunua ardhi nyingine, zikajengwa hoteli za kupangisha, na leo kila hujaji wa Aceh hupokea mkononi riali elfu na zaidi kutokana na mapato hayo, zaidi ya karne mbili baada ya wakfu wenyewe kuwekwa. Watu wa Hyderabad ya India nao walikuwa na ribati za Nizam, mtawala wao wa zamani, wakipigiana kura kwa ajili ya vyumba vyake.

Pwani yetu haijapungukiwa na matajiri, na Zanzibar inayo hata Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inayotambulika kisheria. Si lazima jengo liwe Makka. Duka moja la Darajani au ghorofa moja ya Kariakoo, likiwekwa wakfu kwa hati safi na msimamizi mwaminifu, kodi yake ya mwaka yaweza kulipa tofauti ya bei baina ya Aziziya na Misfala kwa wajane na wazee wasiojiweza kutembea. Mwenye uwezo asomaye haya na ajiulize kama ana duka la namna hiyo, kisha aende akaandikishe.