Steinbeck, Charley na nyumba ya magurudumu: Safari ya vuli iliyozua mjadala

KATIKA vuli ya mwaka 1960, mwandishi wa Marekani John Steinbeck, aliyekuwa na umri wa miaka 58, aliizunguka nchi yake kwa lori dogo lililobebeshwa chumba cha kulala, akiandamana na mbwa mzee aliyeitwa Charley. Safari hiyo ya takriban kilomita 16,000 ilizaa kitabu Travels with Charley, kilichochapishwa mwaka 1962, miezi michache kabla ya mwandishi huyo kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Steinbeck si mgeni kwa msomaji wa Kenya. Riwaya yake fupi, The Pearl, imewahi kuwa miongoni mwa vitabu teule vya hiari katika mtihani wa KCSE. Hata hivyo, kisa chake na Charley hakifahamiki sana humu nchini, ilhali ndicho ambacho wapenzi wa safari za magari ya kulala hukirejelea mara kwa mara.

Neno vuli lenyewe linahitaji ufafanuzi. Kwetu Afrika Mashariki, vuli ni mvua fupi zinazonyesha kati ya Oktoba na Desemba. Katika nchi za kaskazini, jina hilo hupewa majira yanayofuata kiangazi, ambapo majani ya miti hugeuka rangi ya manjano na nyekundu kisha yakapukutika, siku zikawa fupi, na mvua ikaja pamoja na baridi. Kwa anayelala garini, hayo si majira ya raha. Nguo hazikauki, barabara za mashambani hugeuka matope, na usiku huwa mrefu.

Sababu za kufunga safari

Steinbeck alizaliwa Salinas, California, mwaka 1902, lakini kufikia mwaka 1960 alikuwa ameishi New York kwa miaka mingi. Alihisi kuwa anaiandika nchi asiyoijua tena, akitegemea kumbukumbu na magazeti. Alitaka kuwasikia watu wa kawaida wakizungumza, hasa kwa kuwa mwaka huo taifa lilikuwa likijiandaa kwa uchaguzi wa rais kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon.

Sababu ya pili ilikuwa afya yake. Mnamo Desemba 1959 alikuwa ameugua ghafla, na jamaa zake wakaanza kumlinda kama mgonjwa. Jambo hilo lilimkera. Kwake yeye, kuendesha lori maelfu ya kilomita lilikuwa jibu kwa wale waliomtaka apumzike.

Gari lenyewe

Lori hilo lilikuwa pikapu ya GMC, toleo la mwaka 1960, na mgongoni mwake palifungwa kibanda kilichoundwa na kampuni ya Wolverine. Ndani mlikuwa na kitanda, jiko, kifaa cha kupashia joto, jokofu, taa na msala mdogo. Steinbeck aliliita Rocinante, jina la farasi wa Don Quixote katika riwaya maarufu ya Mhispania Miguel de Cervantes.

Mwandishi huyo alibuni njia rahisi ya kufua. Alitia nguo, maji na sabuni katika ndoo yenye kifuniko, akaining'iniza kwa kamba ya mpira, na mtikisiko wa gari ukafanya kazi iliyobaki. Alibeba pia bunduki na vifaa vya kuvulia samaki, maadamu alijua kuwa mtu anayekwenda kuwinda au kuvua haulizwi maswali mengi.

Charley alikuwa mbwa wa aina ya poodle, mkubwa wa umbo, mzaliwa wa Ufaransa, mwenye umri wa takriban miaka 10. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepinda, na kwa sababu hiyo aliweza kutoa mlio unaokaribia herufi f, aliotumia kumjulisha bwana wake kuwa haja imemshika. Awali Steinbeck alikusudia kwenda peke yake kabisa. Alipoingiwa na hofu ya upweke, alimwomba mkewe, Elaine, idhini ya kumchukua mbwa huyo.

Kimbunga kabla ya safari

Safari ilichelewa kutokana na hali ya hewa. Mnamo Septemba 12, 1960, kimbunga Donna kiliipiga Long Island, ambako Steinbeck alikuwa na nyumba katika mji wa Sag Harbor. Kulingana na maelezo yake, alijitosa majini ili kuiokoa mashua yake iliyokuwa hatarini kugongwa na nyingine. Siku chache baadaye, Septemba 23, aliondoka kwa feri kuelekea jimbo la Connecticut, kisha akashika njia ya kaskazini hadi Maine.

Huko Maine, Charley alithibitisha faida yake ya kwanza. Ulikuwa wakati wa kuvuna viazi, na familia za Wakanada wanaozungumza Kifaransa zilikuwa zimevuka mpaka kufanya vibarua. Mbwa alitangulia kwenda kwenye kambi yao, bwana wake akamfuata kwa kisingizio cha kumrudisha, na jioni hiyo wageni hao wakaketi ndani ya Rocinante wakinywa kahawa na brandi. Steinbeck alimwona mbwa wake kama balozi: mtu asiyeweza kubisha hodi kwa wasiomjua humtuma mbwa, na mazungumzo yakajianzia.

Mvua na mpaka

Mvua baridi ilimfuata Steinbeck katika jimbo la New York, ikanyesha kiasi cha kumfanya aone kuwa kwenda kutazama maporomoko ya Niagara ni kuongeza maji juu ya maji. Hata hivyo alikwenda, akinuia kukatiza upande wa Kanada ili afupishe njia ya kufika Michigan.

Mpango huo ulivunjwa na Charley. Afisa wa Kanada alimweleza kuwa angeweza kuingia bila tatizo, lakini Wamarekani wasingemruhusu mbwa kurudi nyumbani bila hati ya chanjo dhidi ya kichaa cha mbwa. Steinbeck hakuwa na hati hiyo. Aligeuza gari, na hata hapo maafisa wa nchi yake mwenyewe wakamhoji kana kwamba ametoka mbali. Ilimbidi afuate barabara kuu ya kusini mwa Ziwa Erie, aina ya barabara ambayo yeye aliilalamikia kuwa humwezesha mtu kuvuka nchi nzima bila kuona chochote.

Mpaka leo, katika nchi nyingi, hati ya chanjo hiyo ni miongoni mwa vitu vya kwanza vinavyoulizwa mtu anapofika mpakani na mbwa.

Kisa kingine cha mvua kilitokea katika jimbo la Oregon, pwani ya magharibi. Ilikuwa Jumapili, na mvua ilikuwa ikinyesha. Gurudumu la nyuma la lori lililobebeshwa shehena nzito lilipasuka, naye akalazimika kulibadilisha katikati ya maji na matope. Jingine nalo likaonyesha dalili za kupasuka. Aliyemwokoa ni mhudumu wa kituo kidogo cha petroli, mtu mwenye sura ya kuogofya, ambaye alipiga simu huku na kule siku ya mapumziko hadi magurudumu yanayofaa yakapatikana. Steinbeck hakumsahau kamwe katika maandishi yake.

Ugonjwa wa mbwa

Umri ulimlemea Charley njiani. Akiwa katika milima ya kaskazini-magharibi alishindwa kukojoa, na maumivu yake yakamfanya bwana wake aendeshe gari usiku hadi Spokane kumtafuta daktari wa mifugo. Daktari aliyempata hapo hakumridhisha, kwani alionekana kumgusa mgonjwa bila huruma. Nafuu ya kweli ilipatikana Amarillo, Texas, ambako daktari kijana alimtibu Charley kwa siku kadhaa.

Sehemu hizi ndizo zinazoonyesha vyema hatari ya safari ya aina hiyo. Mtu anaweza kuvumilia baridi na unyevu, akajitibu kwa kinywaji moto na blanketi. Mnyama hana la kusema zaidi ya kulia, na aliyempakia garini ndiye mwenye jukumu la kutambua kuwa ameugua.

New Orleans

Safari ilifikia kilele chake cha uchungu New Orleans. Mnamo Novemba 14, 1960, Ruby Bridges, mtoto mweusi mwenye umri wa miaka sita, alikuwa ameanza masomo katika shule ya William Frantz iliyokuwa ya wazungu pekee, akisindikizwa na maafisa wa serikali kuu. Kila siku umati ulikusanyika kumtukana. Steinbeck alikwenda kushuhudia kwa macho yake. Aliliacha lori mbali kwa kuwa nambari zake zilionyesha limetoka New York, akapanda teksi.

Kabla ya hapo, mhudumu wa maegesho alimwona Charley ameketi kitini, akasema kwa kejeli kuwa alidhani ni mtu mweusi. Steinbeck anaeleza kuwa aliisikia kejeli hiyo zaidi ya mara moja katika majimbo ya kusini. Mbwa aliyefungua milango ya watu huko Maine sasa alifichua chuki iliyokuwa nyuma ya milango mingine. Baada ya hapo mwandishi alipoteza hamu ya safari, akaharakisha kurudi nyumbani.

Je, yote ni kweli?

Kwa muda mrefu kitabu hicho kilisomwa kama taarifa ya mambo yaliyotokea. Mwaka 2010, mwanahabari Bill Steigerwald aliifuata njia ya Steinbeck na kuchunguza barua zake pamoja na mswada wa awali. Alihitimisha kuwa mwandishi alilala mara nyingi katika hoteli na nyumba za wageni, na kuwa baadhi ya mazungumzo yaliyomo yanaelekea kuwa ya kubuni. Aidha, Elaine aliungana na mumewe Seattle na kusafiri naye pwani ya magharibi, ingawa kitabu kinamwonyesha mwandishi akiwa na mbwa tu katika eneo hilo.

Toleo la mwaka 2012, la kuadhimisha miaka 50 ya kitabu, lilikuja na utangulizi wa Jay Parini, mwandishi wa wasifu wa Steinbeck, uliowaonya wasomaji wasikichukulie kila kisa kuwa kweli tupu, kwa kuwa aliyekiandika alikuwa mtunzi wa riwaya. Wapo waliokasirika, na wapo walioona kuwa picha ya taifa lililogawanyika kwa rangi haikubatilishwa na kasoro hizo. Umati wa New Orleans haukubuniwa: picha na magazeti ya wakati huo yanashuhudia.

 Steinbeck alifariki Desemba 20, 1968. Rocinante limehifadhiwa katika Kituo cha Kitaifa cha Steinbeck mjini Salinas, ambako wageni huweza kulitazama kwa karibu. Wanaofika huko hushangaa jinsi kibanda chenyewe kilivyo kidogo. Humo ndani, katika usiku wa mvua, mtu asingeweza kukaa muda mrefu bila mwenzake wa kuzungumza naye, hata kama mwenzake huyo hajibu.